Uchafu ndio mtaji: Bi Chenji na mnada wake wa sarafu

Saa nne kasoro robo asubuhi, Bi Chenji anavuta pazia nusu, si zaidi. Anasogeza meza ndogo hadi dirishani, anatandika kitambaa cheusi kilichokatwa kwenye gauni kuukuu, kisha anaweka juu yake sarafu moja. Anaishika ukingoni kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayeshika kikombe cha chai ya moto.

"Jua likiingia lote, picha inadanganya," anasema bila kuinua macho. "Sarafu inang'aa isivyo. Mnunuzi akiipokea anaona nyingine, na hapo ndipo ugomvi unapoanza."

Anapiga picha ya mbele, ya nyuma na ya ukingo. Anaipima kwenye mizani ndogo na kuandika uzito wake katika daftari. Halafu anatazama saa ya ukutani, na utani wote aliokuwa nao tangu mwandishi wa makala haya alipobisha hodi unamtoka.

Kabla ya saa sita mchana leo, mama huyu wa miaka hamsini na tisa lazima awajibu wasimamizi wa mnada wa mtandaoni anakouzia sarafu za kale. Mnunuzi mmoja amemshtaki kwamba alimwonesha picha ya sarafu isiyoguswa, akamtumia iliyosuguliwa. Akikutwa na hatia, atanyang'anywa alama ya muuzaji wa kuaminika aliyoijenga kwa miaka sita, kwa mauzo mia sita na kumi na moja yasiyo na doa. Bila alama hiyo, sarafu zake zitasukumwa mkiani mwa orodha, mahali ambapo wanunuzi hawafiki.

"Mimi kule mtandaoni sina sura," anasema. "Sina duka, sina kibao. Nina jina tu."

Jina lenyewe alilipata sokoni. Kwa miaka ishirini na miwili alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa vyoo vya soko, akipokea malipo na kutoa karatasi. Wauza nguo na wauza samaki walikuwa wakimkimbilia kila walipokwama, kwa sababu hakuwahi kukosa chenji. Wakamwita Bi Chenji, na hadi leo hata wifi zake hawamwiti vingine.

Kazi ile ilikuwa na siri moja ambayo wengi hawakuijua. Watu walikuwa wakimlipa kwa sarafu za ajabu: zilizokwisha kufutwa, za nchi za mbali, zenye sura za wafalme waliokufa kabla bibi yake hajazaliwa.

"Mtu aliyebanwa hakagui sarafu," anasema na kucheka mpaka anajifuta macho. "Anakutupia tu, anapita. Mimi jioni nakuta hesabu imepungua. Nafidia kwa pesa yangu, ile mbovu naitia kwenye kopo."

Makopo ya maziwa yalifika matatu. Alipostaafu, mumewe, fundi rangi wa nyumba ambaye naye alikuwa ameshaweka brashi chini, alishauri zipelekwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ni mkamwana wao, mke wa mtoto wao wa kwanza, aliyeziona na kuanza kuzitafuta kwenye simu moja baada ya nyingine. Sarafu ya nne aliyoitafuta ilikuwa ikiuzwa kwa bei ya gunia la mchele.

Bi Chenji alifanya kile ambacho mtu yeyote aliyelelewa vizuri angefanya. Alichukua sarafu arobaini bora kuliko zote, akaziosha. Alitumia limau na majivu, akazisugua mchana kutwa mpaka zikawaka, akazipanga kwenye sinia na kuzipiga picha.

Hakuna aliyeweka dau. Siku ya tatu, mkusanyaji mmoja wa sarafu alimwandikia mstari mmoja tu: "Mama, hizi umeziua."

Ndipo alipojifunza somo la kwanza la biashara hii. Ule weusi, ule ukahawia na ukijani unaotanda juu ya sarafu kwa miaka mingi, wakusanyaji wanaupenda kuliko fedha yenyewe. Yeye anauita ngozi. Sarafu ikisuguliwa, ngozi inatoka na hairudi tena, na thamani inaondoka nayo.

"Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," anasema. "Hawakuwahi kuuza sarafu hao. Huku uchafu ndio mtaji."

Mtu akimsikiliza Bi Chenji akihesabu karaha za kazi yake, atadhani anazungumzia wajukuu watundu. Wapo wanaoshinda mnada kwa dau kubwa, kisha wakayeyuka kama chumvi, simu haipokelewi, ujumbe haujibiwi. Wapo wanaokaa kimya siku saba nzima, yeye roho juu, ndipo wakajitokeza zikiwa zimebaki sekunde nne. Mmoja alimuuliza maswali thelathini na moja kuhusu sarafu yenye thamani ya mkate, na mwisho hakununua.

"Mwingine alirudisha mzigo, eti sarafu ni ndogo kuliko ya kwenye picha," anasimulia. "Nikamwambia, baba, kwenye picha hata nzi huwa mkubwa!"

Kuna pia yule aliyedai kurudishiwa fedha, akarudisha sarafu nyingine inayofanana na ile aliyonunua. Bi Chenji aliiweka kwenye mizani, akakuta imepungua uzito. Tangu siku hiyo, kila sarafu inapimwa na kuandikwa.

Mnada wenyewe unakata kumi na tatu katika kila mia, na posta inakula sehemu yake. Hata hivyo, mwezi wa kawaida unamwachia kiasi alichokuwa akikipata kwa miezi mitatu kwenye kile kiti cha plastiki. Makopo yake yaliisha zamani. Sasa ananunua kwa wenye maduka, kwa wajane wanaofungua masanduku ya waume zao, na kwa yule dada aliyerithi kiti chake pale chooni.

"Siku hizi nafanya kazi nikiwa nimekaa penye harufu nzuri," anasema. "Nilalamike nini?"

Cha kulalamikia kilikuja wiki sita zilizopita, na kilianza kama baraka. Sarafu ya fedha ya zaidi ya miaka mia moja, yenye sura ya mfalme mwenye ndevu na ngozi ya rangi ya samawati iliyokoza, ilinunuliwa kwa bei inayolingana na kodi ya nyumba yake ya miezi miwili. Hajawahi kuuza ghali kiasi hicho.

Siku ya kuituma, aliiweka kwenye kisahani juu ya meza na kukimbilia dukani kununua bahasha, kwa kuwa posta ilikuwa karibu kufungwa. Aliporudi, alimkuta mumewe ameshaitia kwenye kikaratasi chake, amekikunja vizuri na kukibandika gundi. Alimshukuru, akakitia ndani ya bahasha, akatoka mbio.

Sheria yake ni kuitazama sarafu mara ya mwisho kabla ya kufunga. Siku hiyo hakuitazama.

Siku kumi na nane baadaye, mnunuzi aliandika kwa hasira. Alituma picha: mfalme ni yuleyule, ndevu ni zilezile, lakini sarafu inang'aa kama kijiko kipya. Bi Chenji aliiona kama mbinu ya kitapeli. Alimjibu kwa maneno makali, akatuma picha zake zote, na mnunuzi akapeleka shauri kwa wasimamizi. Wakatoa siku saba kwa kila upande kuleta ushahidi.

Juzi, wakati wa chai ya asubuhi, alimwonesha mumewe picha ya yule mnunuzi ili amsaidie kulaani matapeli wa dunia. Mzee alivaa miwani, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mbona imependeza?" akasema.

"Imependeza nini? Huyu mtu kaisugua, ananisingizia mimi!"

"Hapana, mama. Ile niliisugua mimi. Kwa dawa ya meno na kile kitambaa cha fulana. Dakika kumi tu, ikatakata." Akaongeza, kwa fahari ya fundi: "Nisingekubali mke wangu apeleke kitu kichafu kwa watu."

Bi Chenji anasema aliweka kikombe chini. Mumewe, aliyetumia maisha yake yote akikwangua rangi kuukuu na kutoa kutu kwenye mageti ya watu, hakuwa ametania. Aliona kutu, akaiondoa, akamfanyia mkewe hisani. Alipoelezwa alichofanya, alitoka nje na kukaa kibarazani mpaka adhuhuri, hakugusa chakula.

"Nilikasirika, sikufichi," anasema Bi Chenji. "Nilitaka kumpigia kelele. Halafu nikakumbuka sarafu zangu arobaini na limau langu. Nikacheka peke yangu jikoni kama mwehu."

Kicheko hakikumaliza shauri. Leo, saa tano na nusu, simu iko mezani, Bi Chenji na mkamwana wake wameiinamia. Mkamwana, aliyeomba ruhusa kazini, ana msimamo wake na hapepesi macho akiutoa.

"Mama, nyamaza tu. Picha zako zinakulinda. Umeshauza mia sita na ngapi huko, yeye ni mnunuzi mgeni. Watakuamini wewe."

"Najua wataniamini."

"Sasa?"

"Ndiyo hilo linaloniuma, mwanangu. Wataniamini."

Mumewe amesimama mlangoni. Tangu juzi hajakanyaga chumba cha sarafu, kana kwamba amewekewa uzio. "Waandikie ni mimi," anasema. "Weka jina langu. Waseme mume wake hana akili."

"Jina lililoko kule ni langu," anajibu mkewe. "Na sheria ya kutazama nilivunja mimi. Wewe uliona uchafu tu."

Anachukua simu na kufungua ukurasa wa shauri, ambao mnunuzi na wasimamizi wote wanausoma. Anaandika kwa kidole kimoja, polepole, akisoma kila neno kwa sauti kabla ya kuandika jingine. Anamwomba mnunuzi radhi kwa maneno makali. Anamweleza kwamba sarafu ilisuguliwa nyumbani kwake bila yeye kujua, kwamba hakuikagua kabla ya kuifunga, na kwamba atarudisha fedha zote pamoja na gharama ya posta. Mkamwana anafumba macho.

Saa tano na dakika hamsini na mbili, anabonyeza. Kisha anaigeuza simu kifudifudi juu ya meza.

Majibu ya wasimamizi yanakuja kwanza, kabla hata chakula cha mchana hakijapakuliwa. Kwa kuwa muuzaji amekiri, shauri limefungwa, na alama yake ya kuaminika inasimamishwa kwa miezi mitatu. Bi Chenji anasoma mara mbili, kisha anampa mkamwana asome naye.

"Yaani ningedanganya ningeendelea kuwa mwaminifu," anasema. "Nimesema kweli, uaminifu wamenisimamishia." Anacheka, na safari hii hata mkamwana anashindwa kujizuia.

Saa saba na nusu, mnunuzi mwenyewe anajibu. Amekubali, ataituma sarafu kesho. Ameacha pia maoni ambayo kila mtu anayeingia kwenye ukurasa wa Bi Chenji atayaona: "Sarafu imeharibiwa. Muuzaji ni mkweli." Mashine ya mnada, ambayo haijui kusoma sentensi ya pili, imeyahesabu kuwa maoni mabaya. Ni doa la kwanza katika mauzo mia sita na kumi na mawili.

Mkamwana anasema zipo taratibu za kuomba liondolewe. Bi Chenji anatikisa kichwa.

"Liache. Kasema kweli zote mbili."

Anajua miezi mitatu ijayo itakuwa migumu. Anakisia mapato yatapungua kwa nusu, na tayari amewaambia wenye maduka kwamba atapunguza kununua. Sarafu ya asubuhi ameiweka mnadani vilevile, huko mkiani, na chini ya picha ameandika kwamba haijasuguliwa na kwamba safari hii ataikagua mwenyewe mara mbili. Alama ikirudi, anataka kuwakusanya wanawake wa sokoni awafundishe kutambua sarafu za zamani kabla hawajazitupa au kuziosha.

"Nitaanza na lile la kuosha," anasema. "Hilo tuna utaalamu nalo, mimi na mzee wangu."

Mzee bado yuko mlangoni. Mwandishi anauliza sarafu ya mfalme itauzwa kwa bei gani ikirudi, na Bi Chenji anasema haitauzwa. Anamgeukia mumewe na kumwonesha kwa kidole kiti kilicho tupu kando ya meza, ndani ya chumba.

"Nitampa yeye. Itakuwa sarafu yake, ndani ya nyumba hii, na aisugue atakavyo mpaka mfalme abaki bila ndevu. Njoo ukae, baba, chakula kinapoa."