Mkanda Wangu wa Bizimu Inayong'ara

Wallahi, nikikumbuka mwili bado unanisisimka. Nimepata kazi ya ulinzi hapa Nizwa, na bastola nitakabidhiwa Jumapili. Mwalimu wa mafunzo ya silaha alituonya: mkanda wa silaha uwe mpana na mgumu, na tuujaribu kwanza kwa kitu kizito. Mie, kwa ujuba wangu, nikanunua mwembamba, laini, kwa vile bizimu yake inang'ara. Nikachukua mchi wa shaba jikoni, nikautia kwenye mfuko wa bastola, nikashinda nao kiunoni chini ya shati. Nikajiona askari kamili.

Alasiri akaja baba wa mchumba wangu kutoka Fanja, na nduguze. Kahawa ilichelewa, sikujua kwa nini. Nikainuka kumpa mkono.

"Shikamoo, baba."

Mkanda ukaachia. Suruali ikateremka magotini, mfuko ukaanguka kwa kishindo.

"Bastola!"

Mzee akapiga ukelele, akajitupa nyuma ya mto wa kuegemea, nduguze wakalala kifudifudi. Mchi ukachomoka, ukabingirika hadi miguuni mwa mzee.

Mama akachungulia mlangoni, iliki kiganjani.

"Salim! Kumbe mchi wangu unao wewe?"