Uso Usiopigwa Msasa

Wanafunzi walimwita Mama Karne, kwa sababu, walisema, hata ukimuuliza saa atakujibu kwa karne. Alifundisha historia ya sanaa chuoni, na somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la wale wanahistoria wa mwanzo, walioamini kwamba sanaa huishi kama mtu: huzaliwa, hukua, hukomaa, kisha huzeeka na kufa. Aliwaonyesha picha za sanamu za kale. "Hizi laini ni za utu uzima. Hizi za baadaye, zenye nyuso ngumu na mikono mifupi, ni za uzee. Mkono umeanza kusahau."

Mumewe alikuwa mchongaji. Asubuhi moja mkewe alimpelekea chai karakanani, akakuta sanamu mpya ya mwanamke aliyeketi. Uso haukupigwa msasa. Vidole vilikuwa kama vijiti vya kuni. Mama Karne akakiweka kikombe chini upesi, kisije kikamponyoka.

Tangu siku hiyo hofu ilimganda kama kupe. Mezani aliutazama mkono wa mumewe ukishika kijiko. Kijiko kikianguka, alihesabu ni mara ya ngapi wiki hiyo. Baba mkwe wake, fundi seremala, alianza hivyohivyo: kwanza viti vyake vilipepesuka, halafu akasahau majina ya wanawe. Kuuliza hakuthubutu, aliona kulitaja jambo ni kuliita.

"Unakonda bure," dada yake alimwambia. "Mpeleke hospitali."

Akampeleka, kwa kisingizio cha presha. Daktari alimpima mikono, macho na kumbukumbu. "Mzee yuko sawa," alisema.

Njiani mume alisimama. "Siku hizi presha inapimwa kwa kutaja miezi kinyumenyume?"

Ikabidi aseme yote: sanamu, marehemu baba, usingizi uliomtoroka yeye mwenyewe. Mume hakucheka.

"Nimelainisha nyuso miaka yote hii, mama watoto. Safari hii nilitaka patasi ionekane imepita wapi. Sikushindwa. Nilitaka."

Wiki ile Mama Karne aliwafundisha wanafunzi habari za wanahistoria waliokuja nyuma wakabisha, wakisema unaoitwa uzee huenda ni matakwa mengine tu, kwani kila zama hutaka chake. Hoja hiyo aliijua tangu ujana, ila kila mwaka aliipitia juujuu. Safari hii aliikalia kipindi kizima. "Shida," alisema, "ni kwamba ukiitazama sanamu peke yake, hujui aliyeichonga alishindwa au alitaka."

Hofu haikumtoka yote. Mpaka leo, mume akikawia kulikumbuka jina la mtu, yeye hukaza macho na kungoja, mpaka jina lije.