Farasi Aliyetaka Kusemeshwa

Mwaka ule ulimkaa Mama Nta kooni. Ulianza na mumewe: alijilaza mchana akiwa na kiatu kimoja mguuni, asiamke tena. Kisha binti yao wa pekee akaolewa, akamfuata mume nchi ya mbali, huko ambako huku kukiwa mchana wao wamelala. Halafu dari la chumba likaanza kuvuja, na katika chumba chote likachagua kuvuja juu ya kitanda, upande wake yeye, si ule mtupu.

Akanyamaza. Hakununa, hamu ya maneno tu ilimwisha. Dukani alinyoosha kidole: sabuni ile, kiberiti kile. Muuza duka akadhani ni bubu, akawa anamjibu kwa ishara. Siku moja alipiga chafya chumbani mwake, akageuka kuangalia nani kaingia.

Kazi yake ilikuwa kushona matandiko, yale ya ngozi wanayokalia wapanda farasi. Alikaa kwenye kibanda kando ya zizi, akiusugua uzi kwa nta mpaka ung'ae, ndiko jina lilikotoka. Mshono wake haukuwa na mwisho. Kuna farasi alizeeka, akafa, akazikwa, na kesho yake tandiko likaja kazini peke yake.

Zizini alikuwepo farasi mzee aliyeitwa Mkwe, kwa sababu hakuna aliyethubutu kupita nyuma yake bila heshima. Alikuwa mrefu hivi kwamba mvua ikinyesha alilowa yeye kwanza, wengine wakasubiri zamu. Enzi zake alivuta gari la mizigo la mzee mmoja mwenye domo. Mzee alipofariki, Mkwe akaletwa zizini, na tangu siku hiyo akipandwa tu anasimama. Abembelezwe, asukumwe, aonyeshwe karoti: amesimama kama nguzo ya umeme.

"Jumamosi anakuja mnunuzi wa ngozi," bosi wa zizi akamwambia mtunza farasi. "Kama hawezi kumzungusha mtu uwanja mzima, aende."

"Bosi, huyu hasogei hata kwa nzi."

"Basi nzi watamlilia."

Mama Nta alisikia, akaendelea kushona. Tandiko lililokuwa mapajani mwake lilikuwa la Mkwe huyo huyo. Na yeye hakuwahi kuachia kazi bila kwanza kuikalia juu ya mnyama mwenyewe. Akaegemeza ngazi ya kupakulia nyasi, akapanda, akakaa. Juu kimya, chini kimya. Ndipo sindano aliyoisahau kwenye mshono ikamchoma pale pale mnapopafikiria.

"Hata wewe, sindano?" akasema. "Mwaka wote huu, na wewe pia?"

Mkwe akatembea hatua nne. Mama Nta akanyamaza kwa mshangao, na Mkwe akasimama.

"Unanisikiliza?"

Hatua tatu.

Ndipo akaelewa. Mzee wa gari hakuwahi kufunga mdomo njiani maisha yake yote. Kwa Mkwe, safari ilikuwa mtu anaongea; akinyamaza, basi wamefika.

Jumamosi mnunuzi akaja na kamba yake begani. Akamkuta Mama Nta yuko juu tayari.

"Mama, shuka, usije ukavunjika bure."

"Nikivunjika nitajishona."

Bosi akageuka kuangalia nani kasema. Sauti hiyo hakuwa ameisikia miezi mingi.

Mama Nta akaanza na malalamiko, maana hayo alikuwa nayo ghala zima. Akasema dari. Akasema binti. Akasema kiatu kimoja, kwamba mpaka leo hajui kama alikuwa anakivua au anakivaa. Mkwe akaenda vizuri, sikio moja limegeukia nyuma. Lakini nusu ya uwanja, kwenye hodhi la maji, malalamiko yakaisha. Mama Nta hakuamini. Alidhani yangemfikisha mpakani. Mkwe akasimama, na kule getini mnunuzi akaanza kukunjua kamba.

Mama Nta akapapasa kichwani, akaokota neno la kwanza lililokuwapo.

"Mkasi," akasema. Sikio likageuka. "Marehemu aliniachia mkasi mzuri. Kila Jumapili aliunoa, na mimi nikimwambia anaumaliza." Wakasogea. "Alilala upande wa ukutani wenye baridi, akisema yeye anapenda baridi. Nani anapenda baridi, Mkwe? Na binti yangu anakatisha usingizi wake anipigie simu, mimi namwitikia mm, mm. Na yule wa dukani kajifunza ishara kwa ajili yangu, maskini, na nilikuwa nazikosoa moyoni."

Pua ilimtiririka. Mikono yote miwili ilishika hatamu, akaiacha itiririke.

"Anasema nini huyo mama?" mnunuzi akauliza.

"Anampa mkwewe habari za nyumbani," akajibu mtunza farasi.

Wakafika getini. Mnunuzi akaikunja tena kamba yake. Bosi akasema farasi abaki, ila fundi mwenyewe ampande kila siku, maana nani mwingine ana maneno hayo yote.

Jioni Mama Nta alirudi chumbani kwake. Dari lilidondosha tone, likapumzika, likadondosha jingine. Akauchukua mto wake akauhamishia upande wa ukutani, ambao hakuwa ameugusa mwaka mzima. Kulikuwa kukavu. Kulikuwa na baridi kweli.

"Muongo wewe," akasema kwa sauti. "Ahsante."

Akangoja kidogo, kama anayengoja hatua nne. Chumba hakikusogea.