Mbwa Hali Vitunguu

Nikiwa kwenye duka la dawa za mifugo mjini, mama mmoja wa Mlali aliingia amembeba mbwa kwa kanga, kama mtoto. Daktari akamfunua mdomo mbwa yule. Fizi zilikuwa zimepauka.

"Anakula nini, mama?"

"Makombo yetu. Ugali na mchuzi."

"Vitunguu vya mchuzi vinaharibu damu ya mbwa. Umemleta mapema, lakini asivionje tena."

Mama akakaza fundo la kanga. "Huyu ndiye anayenifukuzia nguruwe pori shambani. Kuanzia leo napika bila vitunguu."

"Na mzee nyumbani atakubali?" mteja mmoja akamchokoza.

"Mzee ana mikono. Ajikatie kachumbari."

Jioni ile, nyumbani Kilakala, nilimpakulia mbwa wangu kabla sijaunga mchuzi kwa vitunguu. Mimi nikala wa pili, bila kinyongo.