Uaminifu: Nne kwa Ishirini

Mchezo wetu ulipofika toleo la tatu ulikuwa na timu kumi na sita, wachezaji zaidi ya mia tatu, na kosa moja ambalo watu walilipenda kuliko kitu kingine chochote ndani yake. Kosa hilo ni langu. Ninaliandika kwa mpangilio, tangu mwanzo, kwa sababu kila ninapolisimulia kwa mdomo najikuta nimejipunguzia sehemu yangu.

Tulikuwa wawili. Binti wa shangazi yangu, ambaye ninamwita dada ingawa nimemzidi miaka miwili, ndiye aliyesomea kompyuta na ndiye aliyeujenga mchezo. Mimi ni mwandishi wa habari, nauza habari zangu kwa redio na magazeti yanayozitaka. Tulifanyia kazi kwenye chumba cha uani nyumbani kwao, Ngamiani, chenye feni moja na meza mbili. Mchezo wenyewe ni wa mtandaoni. Unaufungua kwa simu, unakabidhiwa timu ya mtaani, na wewe ndiwe kocha. Hupigi mpira. Unapanga kikosi, unasajili, unaacha, kisha jioni kompyuta inazichezesha mechi zote na kukuletea maelezo ya kilichotokea. Inaamua kwa alama. Kila mchezaji alikuwa na alama kumi na mbili, kila moja kati ya sifuri na ishirini: kasi, pumzi, vichwa, mguu wa kushoto, nidhamu, uaminifu na nyingine.

Toleo la kwanza lilikuwa na wachezaji wa kubuni. Dada alilicheza wiki nzima akalifunga.

"Wote ni mtu mmoja," aliniambia. "Nimesajili mabeki wanne, sijui nani ni nani. Wewe si unajua kuchimba? Nenda kaniletee watu."

Nikaenda kuwatafuta watu. Kila mji wenye timu za mtaani una mahali ambapo wachezaji wa zamani hukaa, na kwetu ni kwenye kibanda cha fundi baiskeli, barabara mbili kutoka chumba chetu. Fundi mwenyewe alikuwa beki wa kati. Ni Mnyamwezi, baba yake alikuja huku kukata mkonge, na yeye alizaliwa kambini, akabatizwa kanisa Katoliki la kule kule shambani. Jirani yake ni dobi mwenye pasi ya mkaa, Mzigua wa Pangani, aliyekuwa kipa wa timu moja na fundi kwa zaidi ya miaka kumi. Kidole gumba cha mkono wake wa kushoto kimepinda kwenda nje, kwa mpira alioupangua zamani.

Hawa wawili ni watani. Kwa msomaji wa mbali nieleze kidogo: Mzigua na Mnyamwezi wana utani wa kabila kwa kabila uliorithiwa tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, anaweza kukuita mtumwa wake, anaweza kuja msibani kwako akalala mahali pa maiti na kudai chakula, na huruhusiwi kukasirika. Nilikuwa nayajua haya yote. Nimewahi hata kuyaandika gazetini.

Nilikaa pale alasiri tano, simu yangu ikirekodi juu ya boksi la vipuri. Waliniambia nani alikuwa na kasi, nani alichoka dakika ya sitini, nani alikuwa hachezi bila kutukana. Niliandika alama papo hapo kwenye daftari. Siku ya tatu tukafika kwa kipa mwenyewe, ambaye alikuwa amekaa hapo hapo akisubiri mkaa wake ushike.

"Huyu andika mikono mizuri," fundi alisema. "Ila usiandike kwamba ni mwaminifu. Huyu aliuza nusu fainali."

"Aliuza?"

"Kwa kapu la kolekole. Timu ya ng'ambo ya mto walimletea kapu, hata utumbo walikuwa wamekwisha kutoa. Goli la kwanza mpira umepita katikati ya miguu, hakuinama. Nikamwambia, mtumwa wangu, walau ungeinama kwa heshima ya samaki."

Kipa alicheka mpaka akashika kiuno. "Manamba huyu," alisema, kwa jina la vibarua wa mkonge. "Kinachomuuma hakuonja."

"Nilionja wapi? Ulikula na miba."

Nikaandika: uaminifu, nne kwa ishirini. Niliona aliyetajwa yupo, amesikia, hakukanusha, amecheka. Kwenye habari ya kawaida ningemuuliza mhusika swali moja la moja kwa moja, hata kama amekaa nami benchi moja. Sikumuuliza. Kicheko chake nilikihesabu kuwa ni kukiri.

Nikaongeza la pili, ambalo ni baya zaidi kwa sababu nililitunga nikiwa nimetulia, mezani, na chai pembeni. Mchezo ulihitaji matukio ya ghafla, ya kumtia kocha kwenye mtihani kabla ya mechi. Nikaandika: *Kipa wako ameonekana akipokea kapu la kolekole kutoka kwa wapinzani. Utamchezesha?* Dada alilisoma, akacheka, akauliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli, nimerekodi.

Majina tuliyafuta yote. Tuliona hilo linatosha. Kipa akaitwa Kipa wa Pangani, mrefu, kofia ya kitambaa, gumba la kushoto limepinda.

Toleo la tatu lilitoka kabla ya Ramadhani, na kufikia Idi lilikuwa limefika Pangani, Muheza, Maramba, mpaka kwa watu wa kwetu waliohamia mbali ambao walituandikia kwamba wanasikia harufu ya nyumbani. Kipa wa Pangani ndiye aliyependwa. Watu walimsajili kwa makusudi, wapate tukio la kapu. Walipiga picha za vioo vya simu zao wakatumiana: *Leo nimemchezesha, kala samaki wake, nimefungwa sita.* Nilikuwa nikizisoma picha hizo kwa dada kwa sauti. Nasikia aibu kukumbuka sauti yangu.

Nililolijua bila kulipa uzito ni kwamba yule dobi, kila alasiri, alikuwa akifunga kibanda mapema na kwenda shule ya msingi ya mtaani kuwafundisha magolikipa wa timu ya wasichana. Hakuajiriwa, aliomba mwenyewe. Mkewe alifariki, watoto wamehama, na hiyo saa moja na nusu ndiyo iliyokuwa ikimtoa nyumbani. Aliwafulia glavu zao na kuzianika pamoja na mashati ya wateja.

Wiki mbili baada ya Idi nilipita pale saa kumi, nikamkuta bado anapiga pasi.

"Shikamoo mzee. Leo huendi shule?"

"Marahaba." Kwa kawaida huongeza *mwanangu*. Siku hiyo hakuongeza. "Wameniambia nipumzike."

Alinieleza bila kunitazama, pasi ikienda na kurudi. Mzazi mmoja wa kamati ya shule alionyeshwa ule mchezo na mwanawe. Akauliza, huyu si yule anayefundisha mabinti zetu? Mwingine akasema kama aliuza mechi atawafundisha nini. Mwalimu mkuu, kwa adabu zote, akamwomba asubiri mpaka kamati ikae.

"Mzee, mimi niliandika alichosema mtani wako. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo." Aliisimamisha pasi kwenye kigae. "Yeye ni mtani wangu. Wewe ni mtani wangu?"

"Hapana."

"Wewe kwenu wapi?"

Alikuwa anajua kwetu ni wapi. "Lushoto."

"Msambaa. Msambaa na Mzigua ni ndugu. Mnyamwezi akisema nimekula samaki, watu wanacheka. Ndugu akisema, ni neno. Na umelisema kwa simu za watu wote."

Aliichukua tena pasi yake.

"Na nilipocheka," alisema, "ulinisikia nikisema ndiyo?"

Nilirudi chumbani nikatafuta ile rekodi. Niseme ukweli, nia yangu ya kwanza haikuwa nzuri. Nilitaka kujihakikishia kwamba nilinukuu sawasawa. Nilikuwa nimeisikiliza mara moja tu, nikaikatisha pale penye kicheko, kwa sababu nilikuwa nimekwisha pata nilichokitaka. Safari hii nikaiacha iende. Kicheko kinaisha. Inasikika pampu ya baiskeli, fundi anajaza upepo. Kisha sauti ya kipa, chini sana:

"Lakini siku ile ungeniambia nisicheze."

Na fundi, pampu imesimama: "Ningekuambiaje, na udongo wa mama ulikuwa bado kwenye kucha zako."

Baada ya hapo ni mimi, nikiuliza kuhusu winga wa kulia.

Nilikuwepo. Maneno hayo yalisemwa hatua moja kutoka goti langu.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa fundi kabla hajapanga vitu nje. Nilimchezeshea kile kipande. Alisikiliza huku akizungusha gurudumu lililopinda, akitafuta pa kulinyoosha.

"Mama yake tulimzika Jumanne," alisema. "Mechi ilikuwa Alhamisi. Kipa mwingine hatukuwa naye. Kasimama golini kama nguo iliyoanikwa. La kwanza likapita, la pili hakuliona kabisa. Watu wetu wenyewe wakaanza kuvuka kamba, wameshika mawe. Mimi nikakimbia golini, nikapiga kelele: mwacheni mtumwa wangu, wamemnunua kwa kapu la kolekole, mimi ndiye nitakayemkomboa. Wakacheka. Walipocheka, mawe wakayatupa chini. Tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza tena kwa nini hakuinama. Wakiuliza, nasema samaki."

"Kwa hiyo samaki hawakuwepo."

"Samaki watoke wapi? Ilikuwa kusi, bahari imechafuka wiki nzima." Akaliacha gurudumu. "Kazi ya mtani msibani unaijua, umesoma. Baba yangu shamba la mkonge walimpa namba siku ya kwanza, wakamwita kwa hiyo mpaka anakufa. Wewe umekuja na daftari ukampa Mzigua wangu namba nne. Hata mimi sijawahi kumpa nne."

Nilimwomba twende wote kwa mwalimu mkuu, tuieleze kamati habari ya msiba. Akasema si yake kuieleza. Tukavuka hatua sita hadi kwenye kibanda cha dobi. Kipa alitusikiliza, akakataa.

"Kwa mama yangu hapana," alisema. "Hamtampeleka kwenye kamati. Waambieni ni utani, basi."

"Hawataamini nusu nusu," nikasema.

"Basi wataamini nusu."

"Mkaidi kama punda wa kwenu," fundi akamwambia.

"Punda wa kwetu alimbeba babu yako."

Hawakucheka. Lakini walilisema. Nikamwahidi mzee kwamba habari ya mama yake sitaisema, na hata maandishi haya sitayatoa akiwa hai.

Siku kamati ilipokaa nilisimama mbele ya wazazi tisa kwenye darasa la sita, nikaeleza kwamba nilichukua maneno ya utani nikayaandika kama ushahidi, kwamba sikumuuliza mhusika, kwamba hakuna mechi iliyouzwa. Fundi alishuhudia kwamba kapu alilitunga yeye. Mama mmoja akauliza swali ambalo ningeliuliza mimi: kama hakuuza, kwa nini hakuinama? Nilimtazama fundi. Fundi akatazama ubao. Nikajibu kwamba mchezaji yeyote anaweza kuwa na siku mbaya. Yule mama aliandika kitu kwenye karatasi yake, na nilijua kwa mazoea ya kazi kwamba ameandika kwamba nimekwepa.

Uamuzi ulikuwa wa watu waliotaka kumaliza kikao. Mzee anaweza kurudi, lakini pawepo na mwalimu wa kukaa naye uwanjani kila siku ya mazoezi. Nilidhani atakataa na hilo. Alikubali palepale, akauliza kama glavu zimefuliwa.

Dada alilifuta tukio la kapu jioni ile ile niliyomsikilizisha rekodi. Hakunilaumu, aliuliza tu, "Kwa nini uliniambia ni kweli?" kisha akageukia kompyuta. Katika toleo la nne kipengele cha uaminifu hakipo tena kwa mchezaji yeyote, alama zimebaki kumi na moja. Kipa wa Pangani naye tumemtoa. Wachezaji wa mchezo bado wanatuandikia, wengine kwa hasira, wakiuliza kipa wa samaki amekwenda timu gani. Ujumbe huo ninausoma mimi, peke yangu, na sijaujibu hata mmoja. Zile picha za simu bado zinazunguka. Hizo hatuna namna ya kuzifuta.

Jana nilipita shuleni saa kumi na nusu. Alikuwa golini, suruali imekunjwa hadi magotini, akimwonyesha msichana wa darasa la saba namna ya kuupokea mpira wa chini: goti moja karibu na ardhi, viganja vimetangulia, mwili wote nyuma ya mpira. Aliinama, akainuka, akainama tena, mara nyingi kuliko alivyohitaji msichana yule, na mzee ana miaka zaidi ya sitini. Pembeni ya mstari kulikuwa na kiti cha plastiki kimetolewa darasani, na mwalimu amekaa juu yake, anasahihisha madaftari. Kila baada ya daftari moja alikuwa akiinua macho na kumtazama mzee, kisha anarudi kwenye kalamu yake nyekundu.

Nilisimama nje ya ua nikahesabu madaftari sita. Nilitaka kumwambia yule mwalimu anyanyuke, arudi na kiti chake darasani. Lakini kiti kile ni mimi niliyekiweka pale, na neno ambalo lingekiondoa nimeahidi kutolisema.