Namba Niliyoipunguza

Mwaka wa utafiti wangu wa shahada ya pili niliazimwa kona ya maabara katika shule moja ya Masasi. Nikasimamisha bomba la kioo, nikalijaza unga mweupe wa silika, na juu yake nikamimina mafuta ya maganda ya korosho. Nilitaka kuitenga asidi iliyomo. Kila kitu ndani ya mafuta yale hunata kwenye unga kwa kiasi chake: kinachonata kidogo hutoka mapema, kinachonata sana huchelewa. Milinganyo yangu ilikwisha kadiria kwamba asidi ingetoka baada ya saa tatu.

Ikawa baada ya saa moja bomba linadondosha matone ya kahawia, na baada ya hapo hakikuja kitu.

Nilirudia mara nne. Nilimwaga unga nikaupakia upya, nikahesabu matone kwa kutazama saa ya mkononi. Chakula kilinishinda. Nikikaa nasimama, nikitoka nje narudi kabla sijafika getini. Mwishowe nikaishika namba moja katika milinganyo, ile ya nguvu ya kunata, nikaipunguza mpaka mchoro wa hesabu zangu ukalingana na matone. Nikamtumia msimamizi wangu chuoni mchoro huo. Alinisifu, na sifa zile zikanizidishia wasiwasi.

Juma lililofuata nilipanda Newala, kisha Mnyambe kwa shangazi yangu, aliyenipa maganda yale, nikachukue mengine. Nilimkuta anabangua korosho. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza mbona nimekonda. Nilipomweleza kazi ilivyonisumbua, akasema afadhali yeye alinipunguzia taabu kidogo.

"Taabu gani, shangazi?"

"Yale maganda niliyachoma kwanza, mwanangu. Mabichi yangekubabua mikono."

Nikaketi mchangani. Asidi ile haistahimili moto. Ikichomwa hugeuka kitu kingine, kisichonata sana. Muda wote nilikuwa nakisubiri kitu ambacho hakikuwamo. Hesabu haikukosea, ila mimi niliilazimisha ikubali kosa. Shangazi sikumlaumu. Angejuaje, na mimi msomi sikumuuliza?

Nilimpigia msimamizi palepale, nikitembea huku na huku kati ya mikorosho maana simu ilikuwa inakatika. Nikamwambia kwamba maganda yalikuwa yamechomwa, na kwamba namba ile niliipunguza kwa makusudi ili mchoro ulingane.

"Rudia kwa maganda mabichi," akasema. "Na kwenye ripoti uandike ulichokifanya."

Nikarudi Masasi na gunia la maganda mabichi. Namba nikairudisha ilivyokuwa, nikafungulia bomba, nikaanza tena kuzunguka meza. Safari hii asidi ilitoka baada ya karibu saa tatu na nusu. Imechelewa, lakini ni yenyewe. Nilitamani kuigusa ile namba kidogo tu, nusu saa ile ipotee. Nikaandika saa tatu na nusu, nikaanza kuosha vyombo.