Udongo Mchachu wa Etete Dasash

Siku alipoolewa, Etete Dasash aliletwa kwa farasi, na shayiri ya shamba la mumewe ilimgusa miguu akiwa juu ya tandiko. Ndivyo alivyosimulia siku zote, na kila aliposimulia aliinama akajishika kifundo cha mguu, kuonyesha masuke yalipomfikia.

Kijiji kizima kilimwita Etete, yaani mama, hata wazee waliomzidi umri. Mimi nilipanga chumba uani kwake nilipohamishiwa kufundisha kemia kwa Waagew, kule nyanda za juu za Gojjam, nikakaa mpaka watu wakasahau kwamba nilitoka kwingine. Asubuhi kabla sijaenda shuleni alinisukumia injera, ule mkate mwembamba uliochachuka, na mchuzi wa shiro, akasimama mlangoni akilitazama shamba lake. Lilianzia nyuma ya nyumba likateremka hadi kijitoni. Wakati huo shayiri haikuvuka tena goti la mtoto.

Majirani walikuwa wamekwisha kukata tamaa mmoja baada ya mwingine. Mahali palipokuwa na shayiri na ngano walipanda ile miti ya mikesia inayokua upesi, wakaikata, wakachoma mkaa hapo hapo shambani, wakapanda tena. Kila upande ilikuwa miti na moshi. Shamba la Etete lilibaki wazi katikati kama pengo la jino.

Mwanawe Adugna alikuwa mchoma mkaa. Alikuwa mtu mwema, mwenye kucha nyeusi zisizotakata hata siku ya Pasaka.

"Mama, nipe hilo shamba. Unalima njaa."

"Nikupe upande miti nile magome?"

"Nafaka ya teff unayopikia injera inatoka wapi? Si pesa za mkaa huo huo?"

"Ndiyo maana injera yangu siku hizi ina harufu ya moshi," alijibu, na Adugna akacheka ingawa hakutaka.

Mwaka ninaousimulia walipatana. Ikifika katikati ya mvua kubwa na shayiri bado ni ya kijani, Adugna asingelitaja tena shamba maisha yake yote. Ikiwa imegeuka njano kabla haijakomaa, angepanda miche humo humo kabla mvua hazijaisha.

Ndipo Etete alipokuja chumbani kwangu na udongo kwenye kikombe cha kahawa. "Wewe unafundisha watoto wa watu vitu ambavyo havionekani," alisema. "Nitazamie hiki."

Niliuchanganya na maji safi katika maabara ya shule, nikatumbukiza karatasi ya buluu ya kupimia uchachu. Ikawa nyekundu. Niliporudi nilimweleza kwamba udongo wake umechacha.

"Kama unga wa injera uliosahauliwa mtungini?"

"Kitu ni kile kile, Etete. Kinaitwa protoni. Ni punje ndogo isiyo na kifani. Ikizidi kwenye unga, tunasema injera imekolea. Ikizidi kwenye udongo, inaifungua sumu iliyolala ndani ya mchanga, na sumu hiyo inakata ncha za mizizi."

"Haionekani?"

"Haionekani."

"Na inaniulia shayiri?"

"Ndiyo."

"Basi ni pepo." Alicheka, akajipangusa macho kwa ncha ya shuka. "Ila pepo tunamjua, Mwalimu, ana kuhani wa kumfukuza. Huyo wako ana nani?"

"Ana chokaa," nilisema. "Chokaa nyingi, ichanganywe na udongo kwa jembe kabla ya kupanda."

Kuna jambo moja nilichelewa kulisema, kwa kuwa nilimwona anavyolipenda. Marehemu mumewe, Belete, ndiye aliyekuwa wa kwanza kijijini kutia mbolea nyeupe ya serikali, na mwaka ule shayiri ilipanda mpaka watu wakaja kuitazama. Tangu hapo, kila shamba lilipodhoofika Etete aliongeza mbolea, kama mama anayemsogezea mgonjwa chakula. Lakini ile mbolea ikivunjika ardhini huacha protoni zake nyuma. Kila konzi aliyoitupa kwa huruma iliuzidisha uchachu.

Mwishowe nilimwambia. Akauliza, "Belete alijua?"

"Hapana. Hakuna aliyejua."

"Afadhali," alisema, akaingia ndani.

Chokaa ilikuwa ya ofisi ya kilimo, na ofisi ilisema iko njiani. Alikwenda kila siku ya soko. Karani mmoja kijana alikuwa akimwona kwa mbali anaanza kusema, "Njiani, Etete, njiani!" naye humjibu, "Njia gani hiyo, mwanangu, ya kwenda mbinguni?" Watu wakacheka. Mvua za kwanza zikaanguka. Jembe la ng'ombe halingoji lori la chokaa, akapanda.

Mimi nilikumbuka kwamba majivu nayo huutuliza uchachu. Etete akaanza kukusanya majivu ya jikoni kwake, kisha ya majirani, akapita nyumba kwa nyumba na kapu bovu kichwani.

"Etete, unataka kuolewa na mpishi?" Simegn wa jirani alimpigia kelele juu ya ua.

"Nimeshaolewa na shamba, na mume wangu anaumwa tumbo. Leta majivu!"

Majivu ya kijiji kizima yalitosha kipande kimoja tu karibu na lango, kadiri ya uwanja wa kupuria nafaka. Aliyachanganya na udongo kwa mikono, akapanda tena hapo.

Nimewafundisha wanafunzi kwamba jua letu linawaka kwa sababu protoni zinagongana na kuungana ndani yake. Nimewafundisha kwamba katika kila jani, na katika kila chembe ya mwili wetu, protoni hurundikana upande mmoja wa utando mwembamba, na zikirudi upande wa pili huzungusha kitu mfano wa kinu cha maji, ndipo uhai unaposagika. Ni kweli yote. Jioni nilikuwa nasimama pembeni mwa shamba lile nikifikiri kwamba punje ile ile inayozungusha kinu ndani ya jani ndiyo inayoua mzizi chini yake, na kwamba kulijua hilo hakukunipa hata debe moja la chokaa.

Lori lilifika shayiri ikiwa imeshachipua. Chokaa ilimwagwa nje ya ofisi, ikanyeshewa, ikagandamana. Etete alivunja vipande, akavibeba mgongoni, akavisaga kwa jiwe la kusagia bizari, akanyunyiza juu ya miche kama mtu anayetia chumvi. Sikuweza kumwambia kwamba kwa mwaka huo haitafika kwenye mizizi. Naamini alijua. Alinyunyiza mpaka ikaisha.

Katikati ya mvua kubwa shamba likawa njano. Lilianza kijitoni, likapanda polepole kuelekea nyumbani. Kipande cha majivu peke yake kilisimama kijani kibichi langoni, masuke yamejaa, urefu wa kiuno.

Adugna alikuja asubuhi, na farasi amebeba miche pande zote mbili. Alisimama akatazama kile kipande.

"Kumbe inawezekana," alisema.

"Inawezekana," alisema mama yake.

"Mama, hata mimi nikikata miti hii na kuichomea hapa, patabaki majivu. Miaka mitano tu. Utapanda juu yake, itakuwa kama hivi."

"Miaka mitano." Alimshika mwanawe bega, akamfuta masizi shavuni kwa kidole gumba. "Haya. Panda, mwanangu. Anzia chini."

Adugna akabeba miche ya kwanza akateremka nayo. Farasi alibaki langoni bila kufungwa. Akainamisha kichwa, akaanza kula ile shayiri ya kijani, akiyang'oa masuke kwa sauti tuliyoisikia vizuri sote wawili. Niliruka kwenda kumfukuza.

"Mwache, Mwalimu," alisema Etete.

"Etete, ndiyo pekee iliyobaki!"

"Mwache ale."

Alijikunyata kwa shuka lake, akaketi juu ya jiwe la lango. Masuke yalimfika farasi tumboni. Etete aliinama, akajishika kifundo cha mguu, akabaki hivyo mpaka farasi alipomaliza.